Kibao cha Jina la Tokie

Kwa miaka thelathini na nane Tokie Munakata aliutunza mti mdogo wa maua uitwao azalea, na miaka yote hiyo kibao kilichowekwa mbele ya mti huo kwenye maonyesho ya kila Aprili mjini Kurume, Japani, kiliandikwa Genzo Munakata. Mumewe huyo kazi yake ilikuwa kuubeba hadi ukumbini, kupokea sifa na kunywa sake, pombe ya mchele, na wenzake. Tokie ndiye aliyekinga maji ya mvua, maana ya bomba mti huo hauyapendi. Ndiye aliyechuma maua yaliyonyauka moja moja, kisha akapogoa mwezi wa tano, kabla vitumba vya maua ya mwaka ujao havijaanza kujitunga. Baada ya hapo mkasi aliufungia kabatini. Genzo hakuwahi kuuliza kwa nini.

Miezi kumi baada ya Genzo kufariki, Tokie akajiunga na chama cha wakuza azalea. Alikuwa na miaka sabini na tisa.

"Aprili ijayo utasoma jina langu pale kwenye kibao," alimwambia jirani yake Sadako.

"Utazimia wewe, halafu nani atakubeba?"

"Nizimie tu, bora niwe nimeshalisoma!"

Oktoba ikafika, na kumbukumbu ya mwaka mmoja wa marehemu. Tokie alikwenda hekaluni kupanga mambo na kasisi. Aliporudi alimkuta mwanawe Kiyotaka, aliyetoka Osaka asubuhi ile, anafuta jasho, mkasi wa kuazima mkononi. Azalea ilikuwa imekatwa ikawa duara.

"Mama, hebu ona! Ulikuwa umeota nywele kama mlevi. Baba angeaibika mbele ya wageni."

Tokie aliinama akaokota ncha ya tawi. Kitumba kilikuwa hapo, kidogo kama punje ya mchele. Vingine vilijaa kwenye mkeka uliotandikwa chini ya mti. Ndugu wa marehemu walikuwa wameshafika langoni, wanavua makoti.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema.

Mimi ninayesimulia haya ningemcharaza kwa mkasi uleule. Jibu hilo bado linaniuma.

Aprili mti ulitoa maua matatu, chini kabisa, mahali mkasi haukufika. Tokie alipiga simu chamani kusema hana cha kuleta. Mwenyekiti akamwambia aje hivyo hivyo, asijali.

Akaenda na Sadako. Kwenye nafasi yake walikuwa wametundika picha ya azalea, ya mwaka iliposhinda, imechanua hadi majani hayaonekani. Pembeni mwa picha ulionekana mkono umeshika kopo la kumwagilia, umekatwa na fremu kwenye kiwiko. Chini yake kibao kipya: Genzo Munakata.

"Hatukutaka nafasi ya mzee ikae wazi," mwenyekiti alisema, machozi yakimlengalenga. "Tafadhali, Bibi, tuambie neno kwa niaba yake."

"Waambie!" Sadako alimnong'oneza, akimvuta shati. "Waambie mkono ule ni wa nani!"

Watu walikuwa wanangoja. Tokie akaweka mikono mapajani, akainama sana, akawashukuru kwa kumkumbuka Genzo.