Kahawa ya Kokugonza

Kokugonza alirudi Izigo baada ya miezi minane ya matibabu ya saratani Mwanza. Titi la kushoto lilikatwa, zikafuata dripu na mionzi, mpaka daktari akamwambia, "Mama, umemaliza. Nenda nyumbani ukaishi." Rahisi kusema, kama huwajui majirani zake.

Walikuja, hilo tuwape. Walijaa sebuleni na pole zao. Kokugonza akafanya anachofanya mwenye nyumba yeyote Uhayani: alitoa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, aliyoichemsha na kuianika mwenyewe, akakizungusha. Kila mtu alichukua. Kokugonza alifurahi, akakizungusha tena.

Walipoondoka alifagia, akazikuta punje chini ya viti, nzima nzima, bila alama ya jino. Hata wifi yake Georgina, aliyemkanda alipojifungua, alikuwa ameficha zake chini ya mkeka.

"Watazoea," alisema mumewe, Rutaihwa. Naye siku hizo alikuwa na sahani yake peke yake.

Hawakuzoea. Msibani walimwambia apumzike, asimenye ndizi. Mwanamke asiyemenya ndizi msibani ni mgeni, au ndiye msiba unaofuata. Kokugonza alikifungia kikapu kabatini.

Mwezi wa nane akaja Annastella wa Nyanga, aliyelala kitanda cha jirani kule wodini. Alikaa, akangoja, akakunja uso.

"Waitu, dada yangu, nyumba hii haina kahawa?"

Kikaletwa. Annastella alichukua punje mbili kiganjani mwa Kokugonza, akatafuna, akatema maganda, akachukua nyingine. Kokugonza akaangua kilio kama mtoto.

"Lia, dada. Mimi nililia mwezi mzima."

Waliongea hadi chai ikapoa: mkono unaovimba, sidiria iliyojazwa vitambaa, waume wanaogeukia ukutani. Kokugonza hakuwa amecheka hivyo tangu aondoke wodini.

"Uje kila mwezi," alisema. "Nitakuwekea kahawa."

Annastella alitazama migomba nje.

"Ugonjwa wangu umerudi. Safari hii uko kwenye ini. Wamesema hakuna tena dawa."

Akatoa mkobani kifurushi cha jani la mgomba, akakifungua. Kahawa, kavu, nyeusi.

"Nimeichemsha mwenyewe. Kwangu hakuna anayeigusa. Tafuna nikuone."

Kokugonza alitafuna. Maganda hakuyatema, aliyameza.