Maranda ya Kijani

Niligeuza gunia zima likamwagika mlangoni pa karakana ya fundi seremala, hapa Mlandege, Iringa, mchana kweupe, wateja wake wakiangalia na binti yangu wa miaka mitano kanishika sketi. Fundi alikuwa ametoka kuniambia, kwa kicheko, "Dada'angu, ndege ni ndege. Kuku wanalalia maranda haya haya na hawajaandamana." Wateja wakacheka. Basi nikageuza gunia.

"Okota kipande kimoja," nikamwambia. "Chenye ukijani. Tia mdomoni, tafuna."

Hakuokota.

Nianzie mwanzo, maana mtu akisikia hivyo tu ataniona mwendawazimu. Mimi si mwendawazimu. Mimi nina hasira, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Tulihamia Iringa kutoka Mbeya kwa sababu ya kazi ya mume wangu, na kabla ya safari binti alikuwa halali kwa kuwalilia rafiki zake. Jirani yetu wa kule, mama mmoja wa Kiislamu anayeuza vitenge, alikuwa anafuga kasuku wadogo uani, wale wa kufugwa tunduni, mwili hauzidi kiganja ila kelele zinajaza nyumba. Siku ya kuondoka akamkabidhi binti wawili ndani ya tundu la waya: mmoja wa bluu, mmoja wa manjano. "Hawa watakusindikiza, mwanangu. Usiwape chumvi, usiwape parachichi, na upepo usiwapige." Kuhusu cha kutandika chini ya tundu hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Ningeuliza nini? Huku kwetu Nyanda za Juu nani hajalea vifaranga? Unamwaga maranda, unaweka jiko la mkaa pembeni, umemaliza. Msumeno unalia kila kona, maranda yamejaa tele. Nikaenda kwa fundi seremala wa jirani, nikanunua gunia lililoandikwa kwa mkaa "Maranda safi ya vifaranga." Lilinukia kama nyumba mpya. Nikajipongeza.

Haikuchukua muda mrefu yule wa bluu akaanza kupiga chafya. Chafya ya kasuku ni kitu kidogo mno, kama njiti ya kiberiti iliyolowa inayokataa kuwaka. Mwanzoni tulicheka. Kisha akavimbisha manyoya akawa kama mpira, na kila akivuta pumzi mkia unapanda na kushuka. Binti akaacha kucheza nje. Akakaa na kigoda chake mbele ya tundu.

"Mama, anakufa?"

"Hafi," nikasema, kwa sauti ya mtu asiyejua lolote.

Nikachomoa sinia ya chini nikaipeleka juani. Ndipo nikaona. Katikati ya maranda meupe kulikuwa na vipande vya kijani, kijani kile cha mbao zilizotiwa dawa zisiliwe na mchwa. Nakijua. Baba yangu alipoezeka nyumba alitukataza hata kupikia mabaki ya mbao zile, akasema moshi wake usipite karibu na sufuria ya mtu. Kemia ya sekondari ilinitoa jasho, lakini hilo halikuhitaji kemia. Na nani alikuwa anayasawazisha maranda yale kila jioni kwa viganja vyake? Binti yangu. Ndiyo kazi niliyompa, nikamwambia ni yake, na yeye akaifanya kwa fahari.

Hasira yangu ilizaliwa pale juani.

Daktari wa mifugo alisema toa yote, osha tundu, mweke mahali pa joto pasipo na vumbi, mengine tusubiri. Akaongeza kwamba hata maranda ya paina yasiyo na dawa yana vumbi na harufu kali mno kwa ndege anayeshinda juu yake siku nzima.

Sasa tutandike nini? Hapo akaingia mama mkwe, kutoka upande wa Tukuyu, na furushi la majani makavu ya migomba kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ugonile," akanisalimia kwa Kinyakyusa. "Mgonjwa yuko wapi?"

Nikamwonyesha binti, ambaye alikuwa na mafua kidogo.

"Huyo ana mafua. Nimeuliza mgonjwa."

Tukatandika majani ya migomba. Wa manjano alifurahi kupita kiasi, akayachana chana usiku kucha kama anayetengeneza mkeka. Lakini yalilowa, na baridi hii ya Iringa haikaushi kitu. Tukaona ukungu mweupe. Nikayatoa. Mama mkwe akanuna.

"Basi mtandikie shuka! Mpe na mto! Wanakula ulezi wa pombe, sasa wanataka na kitanda."

Nikajaribu karatasi ya kalenda. Inang'aa, hainywi maji, choo kinaelea juu yake. Nikajaribu gazeti, wa manjano akalitafuna, akaibuka na mdomo mweusi kama aliyekula masizi. Mwishowe nikakumbuka kwamba shemeji yangu anafanya kazi Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi. Akatuletea kaki, ile ya kujaladia madaftari, haina wino, haina mng'ao, haina harufu. Tukakata kwa kipimo cha sinia, tukatandika, kila asubuhi tunatoa chafu na kuweka safi.

Na kwenye kaki kila kitu kinaonekana! Maranda yalikuwa yanaficha. Binti na bibi yake wakaanza kazi mpya: alfajiri wanachuchumaa mbele ya sinia, bibi kavaa miwani, wanasoma choo kama watu wanaosoma matangazo ya kazi.

"Bibi, hiki cha bluu au cha manjano?"

"Cha bluu. Jana kilikuwa maji matupu. Tazama leo, kimekaza. Huyu amekula."

Siku moja nikiwa nasonga ugali nikasikia kelele zile, kelele halisi, za kutoboa masikio. Wa bluu alikuwa amening'inia kichwa chini, anamtukana mwenzake. Mama mkwe akapiga kigelegele. "Ndaga, Kyala!" Akamshukuru Mungu wake kwa Kinyakyusa, akanipokonya mwiko, akacheza nao hadi uani, binti nyuma yake akirusha kaki zilizochanika hewani kama watu wa harusi. Ugali uliungua. Tuliula vile vile, na sijawahi kula ugali mtamu kama ule.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilimwona jirani akipita na gunia lenye maandishi yale yale, anapelekea vifaranga, wanawe wawili wakilisukuma kwa nyuma kwa mikono mitupu. Nikaenda kwa fundi, kwa adabu kabisa. Nikamsalimia, "Kamwene." Nikamweleza. Akacheka. Nikarudi kesho yake na gunia langu na binti yangu, nikamweleza tena. Hapo ndipo alipotaja kuku na maandamano.

Baada ya kumwaga, akafoka: "Nenda kashtaki!"

Nikazoa maranda machache ndani ya mfuko bila kuyashika, nikaenda moja kwa moja ofisi ya mtaa. Mtendaji wa mtaa alinisikiliza huku akijizuia kucheka.

"Mama, unamshtaki mtu kwa niaba ya kasuku?"

"Kasuku, vifaranga vya mtaa mzima, na mikono ya watoto wetu. Anza na unayemwona ana maana."

Akaacha kutabasamu. Akasukuma karatasi na kalamu mbele yangu. Niliandika hivi:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU MARANDA YA MBAO ZA DAWA KUUZWA KAMA MATANDIKO YA VIFARANGA.

Tafadhali husika na kichwa hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa huu na ni mama. Niliuziwa maranda yaliyoitwa safi. Si safi. Ndege wetu aliugua, akapona baada ya kuyatoa, kwa hiyo asije mtu akasema hayakuwa na madhara. Mtoto wangu aliyashika bila kujua.

Ninaomba fundi azuiwe kuyauza, atenganishe mbao za dawa na nyingine, na awaambie ukweli watu wote waliokwisha kuyanunua. Kwangu haombwi kulipa. Kwa binti yangu aje aombe radhi mwenyewe.

Nimeambatanisha maranda hayo ndani ya mfuko. Msiyashike kwa mikono."