Ushuhuda Nilioutia Chumvi

Nakumbuka siku moja, Mwanangu, nilipoisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika ya muuza kanda pale Kariakoo, ikimwita baba yangu mlevi. Na baba alikuwa amesimama pembeni yangu, anampa mteja beseni.

Nimeanzia mwishoni, kama kawaida yangu. Jana ulikuja na simu yako mkononi, ukaniamkia vizuri, ukasema Jumapili utatoa ushuhuda mbele ya vijana wenzako, nao watakurekodi. Ukaniambia, "Bibi, maisha yangu hayana stori. Nisaidie kuyakoleza kidogo." Nikakujibu tule kwanza. Wala sikuwa na njaa, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Tulikuwa tunakaa Mchafukoge, na baba alikuwa na duka la vyombo vya plastiki Kariakoo: ndoo, mabeseni, madumu. Alikuja kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, akakomaa na biashara hiyo hiyo. Jirani yake wa duka alikuwa Bi Shamsa, mama wa Kiarabu aliyeuza udi na kanga, mwenye ulimi ambao hata madalali waliuogopa. Mimi nikitoka shule nasaidia dukani, Jumapili niko kwaya. Nilibatizwa mchanga, nikapata kipaimara, hata kutoroka kwenda dansini sikuwahi. Nilipookoka, niliokoka kimyakimya, nikiwa nafua. Nililia peke yangu juu ya beseni la nguo kwa furaha ambayo mpaka leo siwezi kuieleza vizuri.

Sasa, kwenye kundi letu la maombi watu walikuwa wanasimama kushuhudia. Huyu alikuwa jambazi, yule alikuwa mganga na tunguli zake, mwingine alilala makaburini. Ukumbi unalipuka kwa haleluya! Mimi nikisimama, nikisema nilizaliwa kwenye nyumba ya Kikristo, watu wanaanza kufungua vitabu vya nyimbo. Iliniuma, nisikufiche. Nikaona kama Mungu amenipunja.

Ndipo wakaja wageni na kinasa sauti, wanakusanya shuhuda za kuuza kwenye kanda. Nikasimama. Kitu kidogo cha kweli nilikuwa nacho. Kila Desemba tulipanda kwenda nyumbani Kilimanjaro, babu akachinja mbuzi, na baba akapokea kata ya mbege kutoka kwa kaka zake, akanywa kidogo kwa heshima, akairudisha. Mwaka mzima pombe yake ni hiyo tu. Mimi kata ile nikaifanya pipa. Nikasema baba ni mlevi, anatupiga, anamfukuza mama kwenye mvua. Nikasema yule mbuzi alichinjwa ili nikabidhiwe kwa mashetani. Mwanangu, nilitoa machozi ya kweli juu ya maneno ya uongo, na ukumbi mzima ukalia na mimi. Jina la baba sikulitaja, nikajiona nina akili. Lakini langu nililitaja, na duka la mabeseni nililitaja.

Basi, turudi kwenye ile spika. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Yule mteja, mama mtu mzima, akamtazama, akaliweka beseni chini taratibu, akaondoka. Baba akaliokota, akalifuta vumbi, akalirudisha kwenye rundo.

"Sauti yako imetoka vizuri," akaniambia. Kisha akaingia ndani.

Angenichapa ningepona haraka. Bi Shamsa, ambaye naye alikuwa amesikia kila neno, akanivuta mkono mpaka dukani kwake.

"We mtoto, dini yenu mie siijui," akasema, "lakini baba yako namjua. Kila asubuhi kabla hajafungua duka anashika lile kufuli, anaomba. Mie husubiri amalize ndiyo nifungue langu, maana geti langu lina kelele. Anawataja wanawe mmoja mmoja, na wewe ndiye wa kwanza. Mbona hilo hukulisema kwenye kanda yako? Au hilo si kazi ya Mungu?"

Sala ile niliizoea tangu sijajua kusoma. Nilikuwa nasimama nyuma ya baba, napiga miayo, nangoja amalize tufungue.

Kesho yake nilimfuata dukani asubuhi. Akashika kufuli, akafumba macho. Niliogopa, Mwanangu, sijawahi kuogopa vile. Niliogopa kwamba leo ataniruka. Akavuta pumzi, akaanza kuomba, na jina langu likatoka la kwanza.

Nilipiga magoti pale pale, mbele ya wapita njia, nikamwomba msamaha. Akaninyanyua. "Mimi umenisema, yamekwisha," akasema. "Ila umesema Mungu hakuwepo nyumbani kwetu. Hilo karekebishe kule kule ulikolisemea."

Nikaenda. Nikasimama mbele ya watu wale wale, nikasema ukweli wote, pamoja na lile beseni la nguo na lile kufuli. Hakuna aliyepiga haleluya. Kiongozi wetu akaniombea, eti shetani anataka kuniibia ushuhuda wangu! Na kanda zenyewe hazikurudi. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaolewa, mama mmoja alinisimamisha Posta akanipa pole kwa baba yangu mlevi. Nikamweleza tena, tumesimama juani. Baba alikuwa ameshazikwa.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Jumapili sema kilichotokea, kikiwa kidogo kiache kidogo. Mungu hakukupunja kwa kukulea salama. Ukiwa na aibu ya kweli, sema iliyo yako. Ya mwenzako kamuulize kwanza, maana yeye hana kipaza sauti cha kukujibu. Na wakianza kufungua vitabu vya nyimbo wakati unaongea, endelea tu. Huenda yuko mmoja pale nyuma ambaye naye aliokoka juu ya beseni la nguo, na amekaa anadhani yake haihesabiki. Msemeshe huyo.

Mungu wa baba yangu akutunze, akupe ulimi mwepesi kwa yaliyo kweli na mzito kwa yasiyokuwepo. Usimwonee haya aliyekulea. Jumapili utakaposimama, mimi nitakuwa nimeshashika kitasa cha mlango wangu alfajiri, nimeomba, na jina lako litakuwa limetoka la kwanza.