Zamu ya Maji ya Bibi Moza

Siku ile shambani Bausher, huku Omani, tulikuwa wanne: mama yangu Zuwena; Bibi Moza, shangazi yake baba; Ami Hilali, msimamizi wa maji ya falaji, yaani ule mfereji wa kijiji; na mimi Rayya, sijang'oka meno yote ya utoto. Wote wamenijia leo hapa Mabela, mjukuu wangu alipomwaga maji uani. Vumbi lililoroa, wanangu, harufu yake haizeeki.

Tulikuwa tumetoka Unguja baada ya mapinduzi. Mikarafuu yetu ya Dole haikuwa yetu tena. Bibi Moza, asiyepata kutuona hata siku moja, akatupa mitende sita. Mama akalia kwa furaha. Akapiga matuta chini yake, akamwaga mbegu za mchicha alizozifunga pindoni mwa kanga tangu kwetu, kisha akakaa anatazama juu.

"Wangojea nini, mwanangu?" akauliza Ami Hilali, aliyewahi kuweka duka Unguja.

"Mvua, Ami."

Ami akacheka hata kilemba kikamlegea. "Enyi watu wa Zinjibari! Huku mtende una mwenyewe, na maji yana mwenyewe. Mitende mnayo. Zamu yenu ya maji iko wapi?"

Zamu hurithiwa au hununuliwa, nasi hatukuwa na hili wala lile. Jua lile lingeiua mitende, turudi kulala kwenye kumbi za watu kama siku tulizofika.

Bibi Moza hakujua Kiswahili. Akauliza kwa Kiarabu Ami anacheka nini, akaelezwa. Akaendelea kuchambua tende zake.

"Hilali, kivuli cha kijiti chako cha kupimia maji kikifika nusu ya zamu yangu, ziba kwangu, wafungulie hawa."

"Na mitende yako, Moza?"

"Kwani mie mzee nala tende ngapi? Fungua!"

Ami akang'oa matambara na udongo yaliyoziba njia ya maji ya kwetu. Maji yakaja yanatambaa, yamebeba majani makavu, yakanipanda vidoleni, baridi. Nikapiga kelele.

Mchicha uliota, mitende ikazaa, tukakaa. Jioni tukila tende zetu juu ya magogo mawili upande wa Bibi Moza, naye akitucheka tulivyopakaa mashavuni. Nlikuwa mke wa mtu nilipokuja kujua: magogo yale yalikuwa mitende yake, iliyokauka mwaka ule tulipokunywa maji yake. Mungu amnyweshe kwake.

Nyie wa Bausher, kama mitende haikuwa sita, au Ami hakucheka hivyo, nisahihisheni. Ila magogo yalikuwa mawili. Nliyakalia.