Mama Kahamia Uani na Makochi Yake

Leo nimepunguza vitu sebuleni kwa mama, hapa Bariadi. Nimeshindwa vibaya.

Asubuhi nilimwambia, "Mayu, nyumba imejaa mno. Tutoe vitu, tupate utulivu."

Akajibu, "Sawa, mwanangu. Toa."

Kukubali upesi hivyo kungenishtua, lakini nilikuwa na furaha.

Nikatoa makochi yaliyobonyea. Nikatoa redio kubwa ambayo marehemu baba aliinunua mwaka pamba ilipolipa. Nikatoa chupa za chai zisizo na vifuniko (mama anasema vifuniko vipo, havijaonekana tu). Vyote nikavipanga uani.

Nikafagia, sebule ikabaki na mkeka na hewa. Nikakaa peke yangu, nikajipongeza.

Kisha nikasikia vicheko nje.

Mama yuko kwenye kochi lake, majirani wamejaa kwenye mengine, wanakunywa chai.

"Mayu, mbona hamuingii ndani?"

"Ndani tutakalia nini?"

Jioni mvua ikaanza. Majirani wakabeba kila kitu, wakakirudisha mahali pake kabla sijafungua mdomo. Mama akanigeukia kwa upole.

"Asante, mwanangu. Nyuma ya makochi palihitaji kufagiwa."

Wenye mama kama huyu, mnaishije?