Simu ya Sebuleni kwa Jirani

Mtaani kwetu Tabata simu ilikuwa moja tu, sebuleni kwa mama jirani, naye aliifunga kufuli ili watu wasipige ovyo. Kupokea aliruhusu. Jioni moja akaniita, "Mwanangu, njoo, mumeo anapiga kutoka Mwanza." Majirani walikuwa wamejaa wakitazama video. Wakapunguza sauti ili nisikie vizuri. Hakuna aliyefikiria kutoka. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo sote tukasikia mume wangu akisema ameoa huko, harudi tena.

"Haya, nimesikia," nikamjibu.

Nikarudisha mkonga, nikamshukuru mama. Sikulia. Kesho yake bombani hata nisiowajua walinipa pole. Nikawajibu nimeshapoa, nikajaza ndoo yangu.