Niliagwa Bariadi, Nikaishia Mkula

Watu wa Bariadi waliniaga Jumapili, kanisani, baada ya ibada ya pili. Mchungaji alituita mbele mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, akatuombea. Kwaya ikaimba. Akina mama wakatufunga vitenge mabegani, wakatuletea kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ili tukifika Ujerumani tusisahau chakula cha kwetu. Mkuu wa shule niliyokuwa nikifundisha alisimama akasema shule imempoteza mwalimu wa Jiografia, lakini kuanzia sasa wanafunzi wakifika kwenye somo la Ulaya watajua kuna mtu wao huko. Watu wakapiga makofi. Mama yangu, aliyekuwa ametoka kijijini kwake Sola na gari la alfajiri, alikaa benchi la mbele akijifuta macho.

Mimi nilisimama pale nimevaa tai, natabasamu. Viza sikuwa nayo. Hata kuiomba nilikuwa bado sijaiomba.

Mke wangu ni Mjerumani. Alikuja mkoani kwetu kufundisha wakunga, akakusudia kukaa miaka miwili, tukakutana, akakaa tisa. Watoto wetu walikuwa na pasi za kwao. Kwa hiyo alipopata kazi katika mji aliozaliwa, na tukaamua kuhamia huko wote, katika nyumba ya watu wanne ni mimi peke yangu niliyehitaji viza. Na ili niombe viza ya mwenzi, nilitakiwa kwanza nifaulu mtihani wa Kijerumani, wa ngazi ya chini kabisa. Salamu, kujieleza, kusoma tangazo, kusikiliza mazungumzo mafupi.

Nilicheka niliposikia. Mimi mwalimu wa miaka kumi na mbili, niogope mtihani wa salamu? Mke wangu alininunulia kitabu. Nilikifungua kurasa za mwanzo, kikabaki juu ya friji. Miaka yote tisa nilikuwa nimekaa mezani nikimsikia akiongea lugha yake na watoto, na sikuwahi kujifunza. Nilikuwa nawaambia watoto, "Hiyo ni lugha ya mama yenu, msiniulize mimi." Wao walicheka. Mke wangu hakuwa anacheka, lakini mimi wakati huo sikuliona hilo.

Nilisafiri kwenda Dar nikaufanya mtihani. Chumba kile tulikuwa watu wengi, karibu wote tukiwafuata wake au waume. Pembeni yangu alikaa binti fundi cherehani kutoka Mbeya, ameishia darasa la saba, daftari lake limechakaa kwa kusomwa. Ilipofika sehemu ya kusikiliza, sauti ya mwanamume ikatangaza jambo fulani la treni. Nikashika neno moja. Ikarudiwa, nikalishika lile lile moja. Binti yule alikuwa anaandika.

Nilirudi Bariadi nikawaambia watu mtihani ulikuwa mwepesi.

Majibu yalikuja kwenye simu Jumatatu, siku moja baada ya kuagwa. Nilikuwa nafunga masanduku. Nilisoma, nikaizima simu, nikaendelea kukunja mashati. Kazi nilikuwa nimeshaiacha kwa barua. Nyumba ya kupanga tulikuwa tumeirudisha kwa mwenyewe. Jumatano tukapanda basi, na njia nzima binti yetu mkubwa, wa miaka saba, aliniuliza nitalala upande gani wa chumba cha huko, nami nikawa namjibu.

Nilimwambia mke wangu Ijumaa, katika nyumba ya wageni Dar, mchana, watoto wakiwa wanaoga. Ndege yao ilikuwa kesho yake. Mpango wetu tangu mwanzo ulikuwa wao watangulie, mimi nipeleke cheti ubalozini na kuwafuata viza ikitoka. Hili la kutangulia watu wa Bariadi hawakulijua, maana sikupenda kulieleza.

"Nimefeli," nikasema.

Alikaa kitandani. "Umejua tangu lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Ijumaa."

Nikaokota kiatu cha mtoto sakafuni, nikakiweka karibu na mlango.

"Kufeli ni jambo dogo," akasema. "Mtu anafeli, anarudia. Lakini umenikalia kimya siku nne, kwenye basi, mbele ya watoto." Kisha akashusha pumzi. "Rudi Bariadi. Waambie watu. Jiandikishe tena mwezi ujao. Utafaulu."

Nikasema sawa. Uwanja wa ndege nilimbeba mtoto wetu mdogo, wa miaka mitatu, hadi pale wasiosafiri wanapoishia. Alidhani na mimi nakwenda. Nilimsikia analia hata baada ya kutowaona tena.

Bariadi sikurudi. Basi liliposimama pale stendi, nilijikunyata kwenye kiti, nikavuta kofia usoni, nikasubiri liondoke. Niliwaona vijana wawili wa darasa langu wakipita na madaftari. Nilishuka mbele zaidi, nikaunganisha gari hadi Mkula, kwa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Nilimwambia nakaa wiki mbili nisome kwa utulivu. Alinipa chumba cha uani, hakuuliza mengi.

Siku ya tatu mama alipiga simu. Ana simu ndogo ya batani, anapiga kwa kubonyeza namba moja aliyowekewa na mdogo wangu.

"Mwangaluka, ng'wanawane," akaniamkia kwa Kisukuma chetu, akiniita mwanawe. "Mmefika?"

Neno lilikuwa jepesi tu. Hapana, mayu, nimefeli, niko Mkula. Nilifungua mdomo nikasikia nimesema, "Mwangaluka, mayu. Tumefika salama."

"Na hii namba yako bado inafanya kazi huko?"

"Inafanya."

"Baridi?"

"Kali sana."

Wakati huo nilikuwa nimekaa kivulini bila shati, jasho linanitoka, na mbele yangu majirani wanapalilia pamba yao.

Wiki mbili zikawa miezi. Nilipaswa kujiandikisha upya, sikujiandikisha. Kila nikikumbuka chumba kile cha mtihani namwona yule binti wa Mbeya akiandika. Kitabu nilikuwa nacho, nikikifungua macho yanapita juu ya maneno. Mchana sikutoka. Rafiki yangu akienda shuleni, nabaki nimefunga mlango kama mgonjwa. Mama alipiga kila Jumapili baada ya kanisa, nami nilimpa habari za Ujerumani nilizosimuliwa na mke wangu juzi yake: shule ya mtoto, barabara, miti iliyopukutisha majani. Nilizibadilisha kidogo tu, nikajiweka na mimi ndani.

Mke wangu alijua niko Mkula. Siku aliyojua ninachomwambia mama, aliniuliza mara mbili kwenye simu kama amesikia vizuri.

"Mama akiniuliza, mimi sitamdanganya," akasema.

"Usimpigie basi kwa sasa."

"Unanikataza kumpigia mama?"

Nilimkataza. Hilo nalo nililifanya.

Ilikuwa mwezi wa tano wa kujificha kwangu nilipotoka kwenda mnadani kununua sabuni. Nilikuwa nimeacha ndevu, nilijiona salama. Nilipopita kwenye turubai la mitumba nikasikia, "Mwalimu?"

Alikuwa jirani yetu wa Bariadi, Muislamu mwenye duka la nguo, ambaye siku za minada huzunguka na marobota yake. Kila Idi watoto wangu walikula pilau nyumbani kwake. Kanisani hakuja siku ile, lakini jioni yake alifika kwetu kuniaga kwa mikono miwili.

Nikamwangalia mtu huyu usoni nikasema, "Umenifananisha, mzee."

Alishika shati alilokuwa analikung'uta, akanitazama. Nyuma yake wateja walikuwa wanachagua. Kisha akaliweka shati chini taratibu na kuongea kwa sauti ya chini.

"Sawa. Nimekufananisha. Lakini ukimwona huyo mwalimu, mwambie mama yake amelazwa hospitalini Bariadi tangu juzi. Presha. Mke wangu amempelekea uji leo asubuhi. Watu wameambiana wasimpigie mwalimu, wasije wakamtia wasiwasi akiwa mbali."

Akageukia wateja wake. Nilitaka kumshukuru, nikashindwa, kwa sababu kumshukuru kungekuwa kukiri. Niliondoka bila sabuni.

Saa nane mchana niliingia wodi ya wanawake. Mama alikuwa amelala kwa ubavu, mdogo wangu amekaa miguuni, na akina mama watatu wa kanisa letu la Bariadi wamezunguka kitanda. Mmoja alikuwa anakunja khanga za mama alizokuwa amezifua. Mwanamke huyu hakuwa ndugu yetu. Alimfulia kwa sababu mimi sikuwepo.

Waliponiona waliruka.

"Mwalimu! Umetua lini?"

"Jamani, mtazameni mtoto huyu. Kapanda ndege kumfuata mama yake!"

"Nani kakwambia, baba? Tulikubaliana tusikusumbue."

Mmoja alikuwa ameshaanza kulia kwa furaha. Nilisimama nimeshika chuma cha kitanda. Ningenyamaza tu, wangenimalizia uongo wangu wenyewe, tena ningetoka pale nikiwa mtoto mwema kuliko watoto wote wa Simiyu. Nakiri kwamba nilifikiria. Nilifikiria muda mrefu kuliko inavyofaa, na mama alikuwa ananiangalia.

"Sikutua," nikasema. "Sikwenda. Nilifeli mtihani wa lugha, viza sikuomba. Nipo Mkula tangu wiki ile mliyoniaga."

Yule aliyekuwa analia akanyamaza. Mwenzake akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu ambaye hajasikia vizuri, "Mkula hii ya hapa?"

"Mkula hii."

Akina mama wale hawakunitukana. Ningependa wangenitukana. Walitazamana, wakamaliza kukunja khanga, wakasema wanatuacha mama apumzike, wakatoka na vyombo vyao vya uji. Mlangoni mmoja wao alinigusa bega. Mpaka leo sijui alimaanisha nini.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia mama tulipobaki.

"Mwadila." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kaa. Umekonda."

Nikakaa. Nikaanza kueleza, akainua kidole.

"Nilijua," akasema. "Mjukuu wangu aliniambia. Wiki ya pili tu. Mama yake alinipigia, akampa simu mtoto tusalimiane, nikamuuliza baba yako yuko wapi, akasema baba yuko Mkula anasoma."

Mke wangu alikuwa amepiga kabla sijamkataza, na hakuniambia mtoto alisema nini. Labda hakusikia. Sijamuuliza.

"Mbona hukuniambia, mayu? Kila Jumapili unaniuliza habari za huko."

"Nilikuwa nakupa nafasi. Kila Jumapili nilisema, leo atasema." Alivuta hewa. "Kule Sola watu wananiuliza, mwanao anaendeleaje Ulaya? Mimi ni mzee wa kanisa. Niwaambie nini? Nikasema anaendelea vizuri. Nimesema hivyo mbele ya madhabahu, ng'wanawane, wakati wanakuombea. Nikarudi kukaa."

Mdogo wangu alitazama dirishani. Mimi niliinamisha kichwa kwenye godoro, nikalia kuliko nilivyolia baba alipofariki. Mama hakunibembeleza. Baada ya muda akasema anasikia kiu, nikaenda kumletea maji.

Alitoka hospitalini baada ya siku sita. Nilikaa naye siku zote hizo, na kila aliyekuja kumwona nilimweleza mwenyewe, wa kumi kama wa kwanza, na sikuzoea. Nilikwenda dukani kwa jirani yetu. Nilipoanza, "Siku ile mnadani..." akanikatiza, "Mama anaendeleaje?" na akatuma mtu alete chai. Tulikunywa. Nilikwenda kwa mkuu wa shule pia. Nafasi yangu ilikuwa na mwalimu mwingine, lakini aliniruhusu kukaa maktaba na kitabu changu. Wanafunzi walipita dirishani wakinisalimia kwa Kijerumani walichokitoa kwenye simu zao, wanakimbia wakicheka. Niliwajibu. Wengine walikitamka vizuri kunishinda.

Nilirudia mtihani, nikafaulu kwa alama za kukwangua. Viza ikachukua muda wake. Siku ya kuondoka nilipitia Sola kumuaga mama. Tuliombeana ndani, wawili tu, kisha akanisindikiza hadi barabarani. Jumapili moja kabla ya hapo alikuwa amesimama kanisani kwake akawaambia waumini kwamba aliwadanganya, na akaomba wampumzishe uzee wa kanisa kwa muda. Sikuwepo. Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia, na mama hajawahi kulitaja.

Ingekuwa miezi michache tu. Ndivyo mke wangu alivyosema Dar, na alikuwa sahihi: mwezi mmoja wa kusoma, mtihani, viza, basi. Nilitumia karibu mwaka.

Uwanja wa ndege wa huko binti yetu alinirukia shingoni. Mdogo alijificha nyuma ya miguu ya mama yake. Alikuwa na miaka minne sasa, amerefuka, Kiswahili kimemtoka karibu chote. Nilichuchumaa, nikamwita. Akanitazama, akasema sentensi moja ndefu kwa Kijerumani, haraka haraka, akarudi nyuma ya mama yake.

Nilishika neno moja. Nikamgeukia dada yake.

"Amesema nini?"

Binti yetu alimwangalia mama yake kwanza, kama anaomba ruhusa. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, "Anauliza wewe utakaa siku ngapi."